Iska Hakuwa na Mume

Enzi zetu za shule ya Jumapili hapa Durban, mtoto alikuwa anajua ukoo wa watu waliokufa kabla hata Musa hajazaliwa. Watoto wa leo ukiwauliza Nahori ni nani, wanakuuliza anapatikana TikTok? Sisi tulikuwa tunapanda taxi kutoka Isipingo mpaka Pinetown, kwenye kanisa letu lililokuwa juu ya duka la matairi, tunarudi nyumbani nguo zinanuka mpira.

Kila mwisho wa mwaka mwalimu wetu Tantine Riziki, mama wa Kikongo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa anatupanga kwa koo za Mwanzo. Siyo Ibrahimu na Sara, hao kila mtu anawajua. Alitaka wale ambao wasomaji huwaruka. Unapewa jina, unasimama na mumeo na wanao, unajitaja mbele ya wazazi.

Mwaka ule dada yangu Neema akapewa Milka. Mimi mdogo wake nikapewa Iska. Wote wawili mabinti wa Harani, lakini Milka kaolewa na Nahori, ana wana wanane, na Rebeka ni mjukuu wake. Iska je? Katajwa mara moja, basi. Hana mume, hana mtoto, hana hata mbuzi. Jamani, niliumia! Wiki nzima Neema alizunguka nyumbani na kitenge cha mama, akihesabu, "Usi, Busi, Kemueli..." Nilimchukia mpaka kisigino. Mama akaniambia, "Wivu utakukondesha, wewe." Nami nilikuwa mwembamba tayari.

Siku ikafika. Neema akasimama na msafara wake wa watoto wanane, watu wakapiga vigelegele, mama akafuta machozi. Mimi mama hajawahi kunitazama vile, hata siku moja. Hapo ndipo akili ikaniruka. Zamu yangu ilipofika nikamkamata mkono yule wa mwisho, Bethueli, baba yake Rebeka, nikamvuta kwangu. "Mimi ni Iska binti Harani, mke wa Nahori, na huyu ni mwanangu!"

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Neema akamvuta Bethueli mkono wa pili, mtoto wa watu akaanza kulia.

"We mtoto, eh!" Tantine akapaza sauti. "Iska haiko na bwana! Rudisha mtoto ya wenyewe!"

Nikamrudisha. Nilipomtafuta mama kwa macho, alikuwa ameinamisha kichwa, kaona aibu.

Leo Neema ana watoto wanne. Mimi sikujaliwa, na sitaki kudanganya, namwonea wivu mpaka kesho. Zamani ningejifariji. Mtoto wa dada yako alikuwa anakuita mama mdogo, anakula kwako, unamchapa, na hakuna aliyeuliza ulimzaa lini. Ulikuwa mama, kwisha.

Jumapili iliyopita nilikuwa sebuleni kwa Neema. Rafiki wa binti yake mkubwa akaingia, akauliza mimi ni nani. Binti hakuinua hata macho kwenye simu.

"Huyo? Dada yake mama tu."

Nikamsubiri Neema amsahihishe. Jikoni ni hapo hapo, alisikia kila neno. Akaendelea kukata vitunguu.