Matundu ya Tufe la Casimir

Miaka thelathini Florence Pawlak hakugusa tufe la bolingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha vigingi, na wala asingeligusa tena kama si mumewe Casimir kupooza upande wa kulia mwezi wa nane.

Timu ya parokia yetu hapa Milwaukee ni ya watu watano, Casimir akiwa mmoja wao, na kiti cha mtu hakikai wazi. Kapteni wao, Orville, hakumficha Florence: akifikisha pointi mia na ishirini kwa mchezo mmoja kabla ya Alhamisi ya kwanza ya ligi, atamshikia Casimir nafasi mpaka apone. Akishindwa, nafasi anapewa jirani mmoja.

Basi Florence akawa anateremka chini ya kanisa kila mchana, kwenye zile njia mbili kuukuu za mbao za kuchezea bolingi. Matufe ya parokia hakuyataka, alibeba la mumewe. Loo, aibu gani ile! Alilivurumisha kama anamtupia mwizi jiwe, likaishia kwenye mtaro wa pembeni mwa njia mara saba mfululizo.

"Shemeji, kwani unaangalia wapi?" Orville akauliza.

"Vigingi! Si ndivyo nataka kuviangusha?"

"Achana navyo, havikimbii. Angalia mishale iliyochorwa kwenye mbao, pitisha tufe juu ya wa pili. Na mkono uache ubembee wenyewe."

La mishale lilimwingia. Siku ya tatu alipata tisini, ya tano mia na nne, hapo akakwama kabisa. Casimir, kwenye kiti chake cha magurudumu, na bia aliyokatazwa na daktari, alikuwa anakufa kwa kicheko.

"Mke wangu, unalikaba utadhani limekuibia kuku."

"Nisikabe vipi? Kidole changu kinaogelea humu ndani!"

Orville akachungulia matundu ya vidole kwenye tufe, akaguna. Yalitobolewa kwa kipimo cha Casimir, na gumba la Casimir ni nene kama soseji. Tundu likipwaya mtu hukaba, na akikaba, tufe haliondoki vizuri mkononi. Fundi wa matufe angeyaziba na kutoboa mengine ya Florence kwa saa moja tu.

"Hapana," Florence akasema. "Akipona atacheza na nini?"

Orville akajifanya anafunga kamba za viatu. Daktari alishasema mkono ule haurudi, sote tulijua. Florence tu ndiye alikuwa hataki kusikia.

Casimir akaomba tufe, wakamwekea mapajani. Kwa mkono wa kushoto akaushika wa kulia, akalichomeka gumba tunduni. Lilikaa barabara. Akajaribu kulinyanyua tufe, akajaribu tena, jasho likamtoka. Mkono haukusogea.

"Umeona, Flo?" akasema taratibu. "Lipeleke kwa fundi. Nafasi ni yako, usinishikie. Mimi nitakaa hapa kila Alhamisi nikuzomee."

Florence alilia waziwazi, mbele ya Orville, bila kujifuta. Kisha akalitoa gumba la mumewe tunduni, polepole, akalipakata tufe na kuuliza fundi anafunga saa ngapi.