Sakafu ya Mama

Leo wamepaka nta nyekundu kwenye korido ya ofisini, na harufu yake imenitia wivu uleule wa utotoni.

Jumamosi moja mama alikuwa amepiga magoti katika kanisa letu la kule Lushoto, akiisugua sakafu kwa nta kana kwamba anaogesha mtoto mchanga. Maua yote ya bustani yetu yalikuwa madhabahuni. Nyumbani tulikanyaga vumbi.

"Mama, mwinjilisti alisema nyumba ya Mungu si jengo, ni sisi watu."

"Ndivyo, mwanangu."

"Basi mbona mimi hunisugui hivyo?"

Alicheka, akanigusa shavu kwa kidole chenye nta, kisha akairudia sakafu yake.

Kesho yake niliingia ibadani sijanawa uso, makusudi, nta ingali shavuni, ili sakafu ile inione.