Jibu la Pole

Mtu akianguka mbele yangu, ulimi wangu husema pole kabla kichwa hakijauliza nani amekosea. Ndivyo nilivyolelewa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako wazazi wangu walifika wakitoka Burundi. Pole tulimpa aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyenyeshewa, hata aliyebeba mzigo mzito na hajalalamika. Naye alijibu, "Nimeshapoa," ingawa bado anachechemea. Kwa Kiingereza sikupata neno la kazi hiyo. Nilichukua lililokuwa karibu, sori, na likanifuata katika miji mitatu.

Mji wa kwanza ulikuwa Louisville, Marekani. Mchana nilipakia maboksi katika ghala moja Jeffersontown, na jioni niliwafundisha mpira wasichana wa kanisa letu kwenye nyasi za nyuma ya jengo. Ukocha nilijifunza peke yangu. Kambini nilikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza ambacho kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimechanika, na kwa kuwa ukurasa wa kwanza niliokuwa nao ulihusu ulinzi, kwa miaka mingi niliamini kwamba mpira hufundishwa kuanzia ulinzi. Louisville nilisoma vitabu vingine maktaba, nikaona kwamba wenzangu huanzia mbali na hapo. Sikubadili. Timu zangu zote zilijua kuzuia kabla hazijajua kufunga.

Kina mama wa kanisa hawakutaka kaptura. Tulikubaliana sketi juu ya suruali ya kubana, na binti zetu walicheza hivyo. Wapinzani walicheka hadi bao la pili. Kila msichana alipoanguka, awe wetu au wao, nilisema sori kutoka pembeni, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu wazazi waliosimama nami walikuwa wanasema vilevile.

Columbus walishangaa. Chuo kimoja kidogo kilinichukua niwe kocha msaidizi wa timu ya wanawake, tukahamia Hilliard, pembeni mwa mji huo, na mke wangu akaiacha kwaya aliyoianzisha. Kocha mkuu alikuwa mama wa Kimarekani, mkavu wa maneno na mwenye haki. Baada ya mechi ya tatu aliniita kando.

"Kwa nini unaomba radhi kila mtu akianguka?"

"Siombi radhi. Nampa pole."

"Mwamuzi haijui pole. Anasikia benchi letu linakiri kosa."

Nilijaribu kunyamaza, nikashindwa. Wachezaji wakafanya mchezo. Mmoja akianguka, kabla sijafungua mdomo, wengine walipaza sauti uwanja mzima: "Si kosa lako, Kocha!" Hilo ndilo jibu lao Wamarekani kwa sori. Lilikuwa jibu la ukarimu, ila kila nilipolisikia niliona kama nimebisha hodi kwa jirani nikafunguliwa mlango wa nyumba nyingine.

Kocha huyo ndiye aliyenipendekeza Buffalo. Ilikuwa katikati ya muongo uliopita. Chuo cha miaka miwili, kisicho na mabweni, kilitafuta kocha mkuu wa timu ya wanawake, na waliotaka kazi hiyo hawakuwa wengi. Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba moja Kenmore. Mke wangu alipomaliza kufungua mizigo aliketi juu ya boksi la mwisho.

"Hapa ndipo mwisho," alisema. "Nikihama tena nitahamia mbinguni."

"Hatuhami."

"Hata Columbus ulisema hivyo, baba."

Wachezaji wangu walikuwa wanafunzi wanaofanya kazi. Mmoja alikuwa mpishi wa kuku wa kukaanga, mwingine alilea mtoto, wawili walifanya zamu ya usiku ghalani, kazi niliyoijua. Nilipanga mazoezi kufuata zamu zao. Siku ya kwanza niliwafundisha mambo mawili, kusimama kwa safu ya mabeki wanne, na neno pole pamoja na jibu lake. Nilieleza kwamba mimi sori siiwezi kama Wamarekani, kwa hiyo afadhali wajifunze ya kwetu. Walicheka, lakini walilishika. Kufikia Septemba, kipa wetu, msichana mwenye nywele nyekundu ambaye hakuwahi kutoka jimbo la New York, alikuwa akimpa pole mshambuliaji aliyemgonga.

Nahodha alikuwa binti wa familia ya Kikongo kutoka milima ya Kivu Kusini. Alikuwa kiungo, mfupi, mwenye macho ya mtu anayekumbuka alipoweka kila kitu. Mama yake aliwatunza wazee wa watu majumbani mwao, na alikuja uwanjani na sare ya kazi chini ya koti.

Msimu wa kwanza tulishindwa kufika kwenye mechi mbili kwa kukosa watu. Msimu wa pili ulipoanza, mkurugenzi wa michezo aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Nimekutetea," alisema. "Sitaweza tena. Mechi moja tu ikivunjika kwa upungufu wa wachezaji, timu inafutwa."

Kanuni naijua kwa moyo: timu ikibaki na wachezaji chini ya saba, mechi haiendelei. Niliwaambia wasichana ukweli wote, kwa sababu timu ilikuwa yao. Nahodha aliuliza kitu kimoja tu, kwamba ikifutwa, anayetaka kuhamia chuo kikuu kwa mpira ataonekana wapi? Nilimwambia hapatakuwa na mahali pa kuonekana. Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akaenda kukusanya koni.

Tuliendelea mpaka mwisho wa Oktoba. Mechi zilizobaki zilikuwa mbili. Asubuhi hiyo upepo wa ziwani ulikuwa mkali, mafua yalikuwa yamewalaza wengine na bosi mmoja alikuwa amekataa ruhusa, wakaja wanane. Mama wa nahodha alinifuata kwenye benchi kabla ya filimbi, na Kiswahili chake cha Kongo chenye Kifaransa ndani.

"Kocha, bon, huyu mutoto anakudanganya. Anasema goti haiumi. Ku ngazi anapandaka na matako."

"Mama!" binti alijibu kwa Kiingereza kutoka mbali. "Acha, tafadhali!"

"Ona. Na masikio iko nayo muzima."

Nililipima goti kwa mikono. Lilikuwa na uvimbe mdogo, lakini lilikunjika na kunyooka. Alitazama uso wangu, si goti. "Naweza," alisema. Nikamwacha acheze, na nikampa nafasi ya nyuma ambako mbio ni chache.

Kipindi cha kwanza beki wetu wa kushoto alivunjika kidole cha mkono. Wakabaki saba. Tulikuwa nyuma kwa mabao manne na hakuna aliyejali, si sisi, na nadhani hata wapinzani, ambao walianza kupitisha mpira polepole kana kwamba wameambiwa. Tulichohitaji ni saa itembee.

Dakika za sabini na kitu nahodha aligeuka kumfuata winga, mguu ukabaki ulipokuwa. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akasimama, akakaa tena. Nilikwenda uwanjani. Goti lilikuwa linajaa chini ya vidole vyangu.

"Pole," nilisema.

"Nimeshapoa."

"Simama juu ya mguu huo mmoja."

Alisimama. Mguu ulitetemeka ukaenda pembeni, mahali ambapo goti haliendi. Mwamuzi aliuliza kama anaendelea. Wenzake sita walisimama mahali nilipowafundisha kusimama, safu yao ikiwa nzuri kuliko siku zote.

"Kocha, nitasimama tu," alisema, na mara hii alisema kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. "Sitakimbia. Niache nisimame tu."

Ingewezekana. Kanuni haisemi mchezaji lazima akimbie. Lakini vitabu vyangu vyote, hata kile kilichochanika, vinakubaliana kuhusu goti linaloteleza namna ile, na yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimwambia mwamuzi kwamba anatoka. Nahodha alinipiga ngumi ya bega, si kwa nguvu, kisha akaniegemea. Mwamuzi akatazama pande zote mbili, akapuliza filimbi ya kumaliza.

Mkurugenzi aliniona Jumatatu. Alikuwa mtu mwema na alisumbuka kutafuta pa kuanzia. "Sori," alisema.

"Si kosa lako," nilimjibu.

Sijui kama alisema sori ya kwao au pole ya kwetu. Nilikabidhi funguo na mipira, nikatoka.

Mke wangu hakusema lolote kuhusu mbinguni. Alipika chai. Jumapili, baada ya ibada, tulisikia miguu mingi kwenye ngazi. Mama wa nahodha alikuwa ameleta wanawake wa kanisa lake, sufuria ya sombe ya majani ya muhogo na bugali, ugali wa kwao, umefungwa kwa kitambaa, kama watu wanavyokwenda penye msiba. Walikaa sakafuni. Kipa wetu mwenye nywele nyekundu alikuwa katikati yao, amevua viatu, haelewi aweke wapi mikono.

"Kocha, timu imekufa, donc tumekuja kukaa," alisema mama yule. Hakutania. Waliimba wimbo mmoja wa kanisani, na mke wangu, ambaye hakuwa ameimba na watu tangu Louisville, aliwapa sauti ya tatu.

Nahodha aliingia wa mwisho kwa magongo. Daktari alikuwa amesema kano imevutika, haikukatika. Goti lingepona, na lilipona, ingawa hakucheza tena, maana hapakuwa na timu ya kuchezea na hakuna wa chuo kikuu aliyekuja kumwona. Nilimsogezea kiti cha pili aweke mguu.

"Pole," nilisema.

"Nimeshapoa," alijibu, na goti lake lilikuwa bado kubwa kama la mtu mwingine. Kisha akasema, "Na wewe, Kocha. Pole."

Wote walinigeukia. Jibu nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe. Nililitoa kwa adabu, kama alivyolitoa yeye.