Viazi Kwenye Mengineyo

Ilitamkwa rasmi, mbele ya meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki, kwamba zama za mkulima kutafutiwa soko na mtu wa kati zimekwisha. Soko sasa ni huria. Kwa hiyo kila kikundi cha uzalishaji kilielekezwa kufungua blogu kwenye intaneti, ili mnunuzi, popote alipo, amfikie mkulima moja kwa moja. Agizo lilitolewa Njombe, mwaka 2007, likapigiwa makofi, na umeme ukarudi mgeni rasmi akiwa ameshapanda gari.

Huku Makambako agizo lilimwangukia Avelina, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kompyuta. Kwa kweli alikuwa nazo mbili, moja ikiwa nzima, kwenye duka lake la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na stendi. Alikuwa pia katibu wa Umoja wa Wakulima na Wasafirishaji wa Viazi, cheo alichopewa siku aliyochelewa kikao. Wakulima wa Umoja walikuwa Walutheri wa vijijini. Wasafirishaji walikuwa Waislamu wa mjini, waliokuja na malori yao kutoka mikoa mingine, wakanogewa na njia panda, wakajenga. Avelina alikuwa Mkatoliki. Pande zote mbili zilimwamini, kwa kuwa hakuna upande uliomhesabu.

Ila Avelina alikuwa na viazi. Chumba cha nyuma ya duka kilijaa magunia hadi darini, mavuno ya shamba alilolima na mama yake kijijini Kichiwa, na viazi vilikuwa vimeanza kuchipua. Kila asubuhi akifungua mlango, machipukizi yalikuwa yamepenya matundu ya gunia na kusogea kidogo kuelekea mwanga wa mashine ya fotokopi, kana kwamba nayo yana cheti cha kutoa kopi. Visipoondoka ndani ya siku chache, vingebaki vya kupandwa au kutupwa, na shamba la kuvipanda hakuwa nalo tena.

Mnunuzi alikuwepo. Aliitwa Clemens, msambazaji wa viazi kwenye vibanda vya chipsi Dar es Salaam, na alikuwa amekutana na mwenyekiti wa Umoja, Mzee Elius, kwenye maonyesho ya Nane Nane Mbeya. Clemens alieleza kwamba miaka yote ananunua kupitia kwa dalali mmoja wa Makambako anayeitwa Fahadi, na kwamba amechoka. Sasa anataka wakulima wenyewe. Akaomba namba ya simu. Mzee Elius, mtu wa utaratibu na mzee wa kanisa, hakumpa. Alimwambia namba ataikuta kwenye blogu, Jumatatu.

Avelina akakaa akaitengeneza. Juu ya ukurasa kuna ule mstari wa maneno ya kubofya, unaomwonyesha mgeni pa kwenda, ambao wenye kompyuta zao wanauita menyu. Yeye aliweka maneno matatu: Viazi, Simu, Sisi ni Nani. Alibofya Viazi, vikatokea viazi. Alibofya Simu, ikatokea namba yake. Alifurahi kiasi cha kujinunulia soda, kisha akafanya kosa ambalo katibu yeyote mwadilifu angelifanya: akaipeleka menyu kikaoni ithibitishwe.

Kikao kilikaa Jumamosi. Kwa kuwa wajumbe wasingeenea mbele ya kompyuta moja, menyu ilichapwa kwenye karatasi na kugawiwa. Mzee Elius alivaa miwani, akautazama ule mstari kama mtu aliyeletewa mbuzi asiye na kichwa.

"Katibu, kamwene."

"Kamwene, Mwenyekiti," Avelina aliitikia salamu.

"Huyu mgeni anaingia tu, anakuta viazi?"

"Ndivyo vilivyomleta, Mzee."

"Hajakaribishwa. Hajaombewa. Mwenyekiti hamjui. Anafungua mlango, viazi hivi hapa!"

"Hata kwangu gereji," alidakia Hajji Mustapha, makamu mwenyekiti, mwenye Fuso mbili, "mtu hakuulizi habari za injini kabla hajakuuliza habari za watoto. Dada Avelina, hawa watu wa Dar tusiwaonyeshe njaa."

"Hajji, watu wa Dar hawana muda."

"Sisi je, tunao?" aliuliza Hajji, na kikao kikacheka, kisha kikaendelea kwa muda mrefu sana.

Ilibainika kwamba mpangilio ulikuwepo siku zote, na kwamba Avelina mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuandika kwenye kila muhtasari. Mgeni angeanza na Kufungua. Angefuata Sala na Dua, kisha Utambulisho, kisha Muhtasari wa Kikao Kilichopita, kisha Yatokanayo, kisha Taarifa ya Mwenyekiti yenye picha yake, kisha Mengineyo, na mwisho Kufunga. Sala na Dua zilipewa mjadala wake. Kikaoni, kwa desturi ya Umoja, zilipokezana: wiki hii anaanza Mkristo, wiki ijayo Mwislamu, na hakuna aliyewahi kununa. Ikaamuliwa kwamba na kwenye blogu iwe hivyo, na kwamba kila Jumatatu Avelina azigeuze.

Mhazini, Bwana Manase, mtu asiyesema ovyo, aliinua mkono.

"Mwenyekiti, naomba mwongozo. Mgeni akibofya Kufunga kabla ya Kufungua?"

Hilo halikuwa limefikiriwa.

"Aandikiwe," alisema Mzee Elius baada ya kutafakari, "kwamba kikao hakijafunguliwa, tafadhali arudi mwanzo."

"Na akidi? Mgeni akiingia peke yake?"

"Tutamhesabu kama mwalikwa."

Avelina aliandika. Kisha akauliza, kwa sauti aliyoizoesha kuwa ya adabu, "Na viazi?"

"Viazi ni ajenda?"

"Mzee, Umoja wenyewe ni wa viazi."

"Ndiyo maana havina haja ya kutajwa. Weka Mengineyo, pamoja na simu. Mambo ya maana yote huwa tunayasemea Mengineyo."

Hilo lilikuwa kweli. Umoja ulikuwa umenunua mizani, umemfukuza mhazini wa kwanza na umemchumbia Hajji mke wa pili, yote kwenye Mengineyo, saa ambayo watu wameshavaa makoti na wanatafuta kofia. Muhtasari ukasainiwa, ukagongwa muhuri.

Jumatatu asubuhi Avelina alikaa mbele ya kompyuta, mkono kwenye mausi. Kulirudisha mbele neno moja, Viazi, kulihitaji kubofya mara mbili. Nyuma ya ukuta viazi vilikuwa vinachipua. Alikuwa ameshabofya mara moja Hajji Mustapha alipoingia, akavuta kiti, akakaa.

"Usijali, dada, endelea. Nimepita kuona Dua imetangulia."

Ilikuwa imetangulia. Hajji alibaki hapo hadi adhuhuri, akiwaonyesha wateja wa fotokopi ile blogu.

Chini ya ukurasa palikuwa na tarakimu zinazohesabu wageni. Hajji alipoondoka tu, kabla Avelina hajagusa tena mausi, zikapanda kwa mmoja. Avelina alishika simu yake. Haikulia. Zikapanda tena kwa mmoja, kisha tena, kama mtu anayeingia ofisini, anaulizwa barua ya utambulisho, anatoka, anarudi. Jioni zikanyamaza. Avelina alikwenda chumba cha nyuma akaanza kukwanyua machipukizi kwa kidole, gunia la kwanza.

Kesho yake Fahadi aliingia dukani akitabasamu, kofia nyuma ya kisogo.

"Dada Avelina, magunia yako yapo bado?"

"Nani kakwambia nina magunia?"

"Mteja wangu wa Dar. Yule anayenikimbia." Fahadi alikaa juu ya meza bila kukaribishwa. "Kanipigia jana usiku, analia. Kafungua blogu yenu, kaombewa mara mbili, kakwama Yatokanayo. Anauliza, Fahadi, hawa wanauza viazi au wanasajili chama?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, kaka, hao nawajua, mimi nimewangoja nje ya vikao vyao miaka mingapi? Pita, usisome. Shuka Mengineyo. Akashuka, akaviona, na namba yako akaiona."

"Sasa mbona hakunipigia?"

"Aliogopa utaanza na utambulisho. Kasema niongee na wewe mimi."

Avelina alicheka mpaka akashika mashine. Magunia yaliondoka jioni hiyo kwa Fuso ya Hajji, yakiwa yamechipua kidogo tu, na chumba cha nyuma kikawa na mwangwi.

Kwenye kikao kilichofuata, Taarifa ya Mwenyekiti ilieleza kwa kirefu mafanikio ya blogu. Bwana Manase alipendekeza viazi visogezwe mbele kidogo, akaulizwa kama ana ugomvi na Sala au na Dua, akaondoa hoja. Ilionekana bora ateuliwe mtu wa kuwaelekeza wageni watakaopotea. Avelina, ambaye alikuwa ameshakodi shamba na kupanda viazi vya msimu mwingine, alitoa jina, likapita bila kupingwa, kwenye Mengineyo.

Maofisa wa Njombe walikuja kuiona, wakaiita blogu ya mfano, wakaagiza vikundi vingine viinakili menyu yake kama ilivyo. Namba ya simu iliyopo pale ni ya Fahadi.