Punguza Meno

Juzi nilikuwa soko la Muthurwa nikikagua baiskeli ya gia moja. Bei nilikuwa nimeishusha hadi muuzaji akavua kofia. Nikainama, nikahesabu meno ya gia ya nyuma: kumi na sita. Nikarudia: kumi na sita.

"Buda, unanunua baiskeli ama unang'oa meno?" akaniuliza.

Nikaiacha hapo, nikaondoka na hasira ambayo hata haikumhusu.

Wewe uliyekulia Eastlands unaikumbuka harufu ya Soko la Burma asubuhi, damu na mkaa unaoanza kushika. Kila siku baba alibeba nyama kutoka pale kwa baiskeli, ndani ya sanduku la bati, akampelekea mama mmoja mwenye hoteli juu ya mlima. Mteja ni huyo mmoja, na ndiye aliyetulisha. Jumapili mimi nililisugua sanduku kwa majivu na maji moto.

Magoti ya baba yalipoanza kulalamika, mjomba, kaka yake mama yangu, alijitolea kuipeleka baiskeli kwa fundi. Baba alimwomba kitu kimoja tu, ipunguzwe uzito mlimani. Mjomba alipofika akaagiza yapunguzwe meno ya nyuma. Fundi akamweleza taratibu kwamba nyuma mambo huenda kinyume, meno yakiongezeka ndipo mlima unakuwa mwepesi. Mbele kuna arobaini na manne. Aweke ishirini na mawili nyuma, pedali ikizunguka mara moja gurudumu lizunguke mara mbili, mzee apande bila kuhema. Mjomba, mtu aliyefundisha watu hata namna ya kukunja chapati, akamkatiza.

"Nimesema punguza. Wewe ni fundi ama hakimu?"

Kumi na manane ya nyuma yakawa kumi na sita.

Jumatatu baba alikwama katikati ya mlima, akashuka, akasukuma. Alipofika, mama wa hoteli alikuwa ameshanunua kwingine, na kesho yake akanunua huko huko. Wiki haikuisha kabla ya baiskeli kuuzwa. Jioni hiyo mjomba alikula ugali wetu akisema miguu ya shemeji imezoea uvivu. Baba akamega tonge, akamsogezea mboga. Kwetu shemeji hagombezwi mbele ya dada yake.

Sanduku limeliwa na kutu, hoteli imekuwa ghorofa, na mlio wa cheni ya baiskeli ile hakuna anayeukumbuka. Mjomba yupo, mzima kabisa. Kwenye kila sherehe husimulia jinsi alivyomtengenezea baba baiskeli, na watu hucheka. Baba naye hucheka. Hapo ndipo mimi hutoka nje.