Wembe kwa Mbwa wa Memsabu

Enzi za masetla nilitumwa kupeleka barua ya ofisi kwenye shamba moja karibu na Kitale. Nilimkuta memsabu barazani, amefura kwa hasira. Mbwa wake, yule wa manyoya magumu kama waya, alikuwa amenyolewa kipara. Na mbwa wa aina ile hanyolewi. Manyoya yaliyokufa hung'olewa kwa vidole, kazi ambayo memsabu mwenyewe alimfundisha mpishi wake.

"Nani nanyoa mbwa yangu?"

Mpishi, mzee wa Bungoma, alivua kofia. Naye alikuwa kipara.

"Ni mimi, memsabu. Bwana tumemzika juzi. Kwetu wafiwa wote wananyolewa. Wewe niliogopa kukuuliza."

Memsabu alijishika nywele, akaketi ngazini, akampakata mbwa.

Barua yangu ilikuwa ya rambirambi, imepigwa taipu vizuri. Niliiweka mezani, lakini wembe ulikuwa umenitangulia.