Sengi, Mama Mkwe na Picha Isiyokatwa

Mpiga picha wa msitu alikuwa na mke, mtoto mmoja, na picha nyingi za vyura kuliko za hao wawili. Kazi za harusi alizikimbia. "Bibi harusi ukimwambia atulie, anatulia," alikuwa akisema. "Raha iko wapi?" Yeye alipenda viumbe wasiomtaka. Kwa ajili ya jicho la chura alilala kifudifudi kwenye matope huku siafu wakimtembelea mahali pasipotajika mbele ya watoto.

"Wenzangu wana wake wenza," mkewe alilalamika. "Mimi nina vyura."

Msimu huo alimtafuta sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu isiyotulia na makalio ya rangi ya dhahabu, utadhani amekalia rangi mbichi. Ule upande wa msitu unaotazama bahari ulikuwa umewatoa udenda watu wa hoteli, na wakubwa walishatamka kwamba pale ni vichaka tu. Sengi mmoja angewafumba midomo, maana sheria ilikataza kukata miti anakoishi. Ila wakubwa hao walitaka waonyeshwe ukumbini, siku ya kikao, picha nzima kama ilivyotoka kwenye kamera.

"Iliyokatwa hatupokei," karani wao alionya. "Siku hizi watu wanaweka simba jikoni."

Basi akafunga mtini kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe kitu kikipita, kando ya kijia kilichokanyagwa vizuri. Akajipongeza: sengi wamejaa hapa! Siku aliyozifungua picha mezani kwake, sengi huyo hapo, pua juu, makalio yanawaka. Aliruka kwa furaha mpaka akagonga kichwa kwenye rafu. Kisha akatazama nyuma ya sengi.

Nyuma kulikuwa na makalio mengine. Makubwa, yamefungwa kitenge, mwenyewe ameinamia mzigo wa kuni. Na uso uliogeuka kuchungulia kama kuna mtu ulikuwa wa mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya kulinda msitu. Mtaani aliitwa Mama Marufuku. Akikukuta na kijiti cha msituni cha kuchokolea meno, atakupandisha miche mpaka mgongo ulie.

"Utamwanika mama yangu ukumbini, matako juu?" mkewe alifoka.

"Nikikata, picha inakataliwa. Nikiificha, msitu unakwenda."

"Basi kamwambie mwenyewe. Mimi simo."

Akaenda. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mwizi wa kuku?"

Akampa picha, macho yake akayapeleka darini. Mama mkwe aliisogeza karibu na macho.

"Hapa kitenge kimechanika?"

"Sijaangalia, mama."

"Umekipiga picha, halafu hujaangalia?"

"Imejipiga yenyewe, mama. Mimi sikuwepo."

Akaigeuza kifudifudi juu ya meza. "Gesi ilikuwa imeniishia," alisema, kwa sauti ndogo ambayo mkwewe hakuwahi kuisikia. "Nenda nyumbani."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mpiga picha alimwona mama mkwe kiti cha mbele, uso mkavu. Lakini akaiwasha picha ukutani, nzima. Minong'ono ikageuka kicheko. Wakili wa hoteli akasimama, anatabasamu.

"Sengi tumemwona. Na huyo wa nyuma ni mnyama gani?"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mpiga picha alitamani ardhi immeze pamoja na projekta.

Mama Marufuku akainuka.

"Ni mimi," alisema. "Niliiba kuni. Adhabu yake naijua, niliitunga mwenyewe. Sasa mwandikeni sengi, maana mimi sikuja hapa kuombewa hifadhi."

Karani akaandika. Wakili akaketi, na hoteli ikaenda kutafuta bahari nyingine.

Mama Marufuku alipanda miche yake kando ya barabara, mchana kweupe. Wote aliowahi kuwaadhibu walikuja kutazama, wengine na viti kutoka nyumbani.

"Mama, shimo hilo fupi!"

"Marufuku kuongea!"

Mkwewe akafika na kamera.

"Wewe! Ukinipiga nimeinama tena, utaichimba barabara nzima."

Mpiga picha akalala kifudifudi kwenye matope, akamngojea ainue uso. Picha hiyo ipo ukutani kwake mpaka leo, katikati ya vyura.